Gurudumu la spoki chache: namna ya kulifunga upya likae barabarani

Baiskeli nyingi zinazozunguka Tabora, ziwe za kubeba abiria kutoka stesheni, mkaa kutoka vijiji vya Uyui au madumu ya maji, zina magurudumu ya ukoo mmoja. Ringi ni ya chuma, spoki ni 36, au 32 mbele na 40 nyuma kwa zile zinazofuata mtindo wa zamani wa Kiingereza. Fundi aliyejifunza kazi chini ya mwembe amejifunzia kwenye magurudumu hayo. Mikono yake inayajua kiasi cha kufunga gurudumu zima huku akiongea na wateja.

Kazi hubadilika inapoletwa baiskeli ya mbio ya mtumba. Mbele ina spoki 20, nyuma 24, ringi ni ya aluminiamu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ndogo. Spoki moja imekatika na gurudumu linagonga breki.

"Shikamoo, fundi. Naomba uninyooshee hii ringi."

"Marahaba, mwanangu. Iache hapo, pitia jioni."

Jioni gurudumu linazunguka vizuri. Baada ya siku chache za kwenda na kurudi kazini, spoki nyingine inakatika, mara nyingi jirani na ile iliyobadilishwa. Mwenye baiskeli anaona fundi hajui kazi, na fundi anaona baiskeli ni mbovu. Mimi naona wote wawili hawajatendewa haki, kwa sababu gurudumu la spoki chache lina kanuni zake ambazo gurudumu la spoki 36 halimlazimishi mtu kuzijua. Kubwa kuliko zote ni hii: spoki zikiwa nyingi, zinaweza kuiburuta ringi mbovu ikae sawa. Zikiwa chache haziwezi. Kwa hiyo hatima ya gurudumu huamuliwa na ringi kabla spana ya spoki haijatoka kwenye boksi.

Waya unabebaje mtu

Spoki ni waya. Ukiisimamisha wima na kuikandamiza kwa kiganja, inapinda pale pale. Haiwezi kuwa nguzo kama mti wa gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, ambao kweli husimama chini ya mzigo na kuusukuma juu. Gurudumu la waya uliokazwa lilipewa hataza Ufaransa mwaka 1869 kwa jina la Eugène Meyer. Mwaka 1874 James Starley wa Uingereza akaleta mtindo wa spoki zinazotoka habu kwa mshazari na kupishana, na mtindo huo ndio tunaoutumia mpaka leo.

Siri ya gurudumu hili ni kwamba spoki zote zimekazwa kabla ya mtu kupanda. Kila moja inaivuta ringi kuelekea katikati, na ringi inazipinga zote kwa pamoja. Kwenye baiskeli ya kawaida mkazo wa spoki moja ni kama kuning'iniza kilo 80 hadi 120 kwenye waya ule. Ukikaa juu ya tandiko, sehemu ya ringi inayokanyaga ardhi inasukumwa juu kidogo, na spoki zilizo hapo chini zinalegea kiasi. Zile za juu na za pembeni karibu hazibadiliki. Mzigo wako, basi, unabebwa kwa kupungua kwa mkazo wa spoki chache zilizo chini kwa wakati huo, halafu gurudumu linazunguka na zamu inahamia kwa nyingine.

Hapo ndipo kuna chanzo cha spoki kukatika, na ndipo watu wengi wanapokosea. Wengi huamini spoki hukatika kwa sababu ilikazwa mno. Spoki nzuri ya chuma yenye unene wa milimita 2 hustahimili mara mbili ya mkazo wa kazi na zaidi. Inachoshindwa kustahimili ni kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, maelfu ya mara, mpaka chuma kinachoka na kupasuka pale kwenye kiwiko, inapopinda kuingia kwenye tundu la habu. Gurudumu la baiskeli ya mbio lina mzunguko wa takriban mita 2.1, hivyo kila kilomita lina mizunguko kama 475. Anayekwenda na kurudi jumla ya kilomita 20 kwa siku anaichosha kila spoki zaidi ya mara 9,000 kabla ya kulala. Spoki iliyolegea ndiyo inayoteseka zaidi, maana mkazo wake ukishuka hadi sifuri kila inapopita chini, kiwiko kinacheza ndani ya tundu, na nati yake, ile inayoishika kwenye ringi, inapata nafasi ya kujifungua kwa mtikisiko.

Sasa punguza spoki kutoka 36 hadi 20. Ringi ya kipimo cha 622, yaani kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokalia, ina mzunguko wa karibu milimita 1,950. Kwa spoki 36, nafasi kati ya spoki na spoki ni milimita 54. Kwa spoki 20 ni milimita 98. Kumbuka pia kwamba spoki zinakwenda kushoto na kulia kwa kubadilishana, kwa hiyo ukitafuta jirani wa upande uleule, umbali ni karibu milimita 195. Katika nafasi hiyo yote ringi inajitegemea yenyewe. Chini kwenye ardhi mzigo uleule unagawanywa kwa spoki mbili tatu badala ya nne tano, na kila moja inapoteza mkazo zaidi. Ugumu wa gurudumu kwenda pembeni, ule unaolizuia kuyumba ukikata kona au ukisimama juu ya pedeli, nao unapungua kwa uwiano wa spoki: 20 kati ya 36, yaani zaidi kidogo ya nusu.

Waliobuni magurudumu haya walilipa deni hilo kwa njia mbili. Walifanya ringi iwe ya kina na ngumu ili isambaze mzigo kwa spoki nyingi zaidi, na walipandisha mkazo wa kila spoki ili ibaki na akiba inapopita chini. Ukiondoa moja kati ya hizo mbili, gurudumu halina cha kuliokoa. Ndiyo maana kuchukua ringi nyembamba, laini, na kuifunga kwa spoki 20 ni kazi bure hata mikononi mwa fundi bora kuliko wote.

Mtu atauliza kwa nini basi zikatengenezwa. Sababu kubwa ni upepo. Baiskeli ikienda kilomita 30 kwa saa, sehemu ya juu ya gurudumu inakwenda mbele kwa kilomita 60 kwa saa, na kila spoki inakata hewa hapo. Uzito ni sababu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Spoki moja ya milimita 2 ina gramu kama 7, hivyo kuondoa 16 kunaokoa gramu zisizofika 150 pamoja na nati zake, na sehemu ya uzito huo inarudi kwenye ringi iliyoongezwa kina. Kwenye lami laini, kwa mshindani mwembamba asiye na mzigo, hesabu hiyo inalipa. Kwenye mchanga wa Tabora, na mdogo wako amekaa kwenye keria, hailipi hata kidogo.

Kabla ya kufungua spoki hata moja

Vua tairi na tyubu, ondoa na utepe wa ndani, kisha kagua ringi kwenye mwanga mzuri. Tafuta nyufa kuzunguka matundu ya spoki. Ringi za spoki chache hupasuka hapo kwa sababu kila tundu linabeba mkazo mkubwa. Ufa mmoja unatosha kuikataa ringi, hata kama inaonekana nzima kila mahali. Kisha pitisha kidole ubavuni, breki inapokamata. Ukihisi bonde, mchanga na maji ya masika vimeila. Ukuta ukishabaki chini ya milimita moja, unaweza kufunguka siku tairi limejazwa upepo vizuri, na hilo si jambo la kujaribu ukiwa kwenye mteremko.

Ringi ikipita hapo, bado kuna swali la unyoofu, ambalo haliwezi kujibiwa huku spoki zikiivuta. Legeza spoki zote hadi ringi ijiachie, kisha uilaze ringi tupu juu ya kioo kikubwa au sakafu ya saruji iliyolainishwa vizuri. Bonyeza hapa na pale kwa kidole. Pengo la milimita moja linavumilika. Likizidi milimita mbili, ukiifunga itabidi spoki za upande mmoja zikazwe sana na za upande wa pili ziachwe legevu ili ionekane imenyooka. Jioni itazunguka vizuri kweli, lakini zile legevu zimeshaanza safari ya kukatika. Pima pia kipenyo kwa pande kadhaa ujue kama imekuwa yai.

Hili la kulegeza lina utaratibu wake. Baiskeli nyingi za zamani zina friwili (meno ya nyuma yanayovutwa na cheni) ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye habu, na kila unavyokanyaga pedeli inazidi kujikaza. Iondoe kabla ya kugusa spoki yoyote. Ukishabomoa gurudumu huna tena ringi ya kushika kama mkono wa wenzo, na habu ile inaweza kukaa na friwili yake milele. Baada ya hapo piga picha kwa simu pande zote mbili, karibu na habu, ili ujue spoki zipi vichwa vyake viko ndani na zipi viko nje, na zinapishana mara ngapi, yaani kila spoki inakatiza nyingine ngapi. Legeza kila nati nusu mzunguko, zunguka gurudumu zima, rudia. Kuna wanaokata spoki kwa koleo zikiwa zimekazwa ili kuharakisha. Waya uliokazwa hivyo ukikatwa unaruka, na ringi inavutwa vibaya upande mmoja. Subira ya dakika chache inaokoa jicho na ringi.

Vifaa vinavyopatikana na visivyopatikana

Hapa nitasema wazi, kwa sababu watu wanapoteza pesa. Si kila gurudumu la spoki chache linaweza kufungwa upya kwa vifaa vya dukani Tabora, na mengine hata Dar es Salaam utahangaika. Baadhi ya magurudumu ya Mavic Ksyrium yana spoki nene za aluminiamu ambazo hakuna spoki ya chuma ya dukani inayoweza kukaa mahali pake. Habu nyingine zinahitaji spoki iliyonyooka, isiyo na kiwiko, na tundu lake halikubali spoki ya kawaida. Kampuni ya Campagnolo ina mtindo wa kuzifunga spoki za nyuma tatu tatu, mbili upande wa cheni na moja upande wa pili, na ringi yake imetobolewa kwa mpango huo pekee. Ukikuta mojawapo ya hizo, na spoki zilizokatika ni zaidi ya moja, afadhali ufikirie gurudumu jingine.

Gurudumu linalofaa kufufuliwa ni lile lenye habu ya matundu ya kawaida na spoki za kiwiko. Hata hapo, matundu ya ringi na ya habu lazima yalingane kwa idadi. Nimeshaona habu ya matundu 20 ikilazimishwa kwenye ringi ya matundu 36 kwa kuruka matundu ovyo, na gurudumu linalotokea lina spoki za urefu tofauti tofauti zinazovuta kila moja kivyake. Usikubali.

Mtego mwingine uko kwenye kipimo. Ringi ya baiskeli kama Phoenix huitwa ya inchi 28, na ringi ya baiskeli ya mbio nayo wauzaji wengi huiita ya inchi 28. Ni vitu viwili. Ya kwanza ina kipimo cha 635, ya pili 622, na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Soma ubavuni mwa tairi: 37-622 au 40-635, namba ya mwisho ndiyo inayosema kweli. Ukiweka ringi ya 635 kwenye fremu ya 622, ubavu wake utapanda milimita 6.5 juu ya mahali breki zinapokamata.

Urefu wa spoki nao hauna ubabaishaji. Tuseme ringi ina kipenyo cha milimita 600 ukipima kutoka kiti cha nati hadi kiti cha nati, duara la matundu ya habu ni milimita 38, na flenji, yaani ukingo wa habu wenye matundu hayo, iko milimita 35 kutoka katikati. Kwa spoki 36 zinazopishana mara tatu, spoki inayohitajika ni karibu milimita 292. Kwa spoki 20 zinazopishana mara mbili ni kama 295, na kwa spoki zinazokwenda moja kwa moja bila kupishana ni 282. Tofauti ya 282 na 295 ni kubwa kuliko urefu wa nyuzi zenyewe za spoki, kwa hiyo hakuna kukisia. Programu za kukokotoa zipo bure kwenye intaneti, lakini zitakupa jibu sahihi tu kama umepima sahihi. Kupima kipenyo cha ndani cha ringi, chukua vipande viwili vya spoki za zamani, vitie nati na uvipitishe kwenye matundu mawili yanayotazamana. Vivute, upime pengo lililobaki katikati, kisha ujumlishe urefu wa vipande vyote viwili. Rudia upande mwingine uchukue wastani.

Nati chukua za shaba, usichukue za aluminiamu. Za aluminiamu ni nyepesi, lakini hung'ang'ania na kuvunjika kichwa baada ya misimu michache ya vumbi na mvua, na nati inayovunjika kichwa kwenye gurudumu la spoki 20 ni sawa na spoki iliyokatika. Na spoki nunua mpya zote. Kama mbili au tatu zimeshakatika kwa uchovu, nyingine zimetembea kilomita zilezile na zinafuata.

Kufunga

Spoki 20 maana yake 10 kila upande wa habu, tano zinazovuta mbele na tano zinazovuta nyuma. Anza upande wa kulia, ingiza spoki tano kwa kuruka tundu moja moja la flenji, na kwenye ringi zikae kila tundu la nne, ya kwanza ikiwa jirani na tundu la vali. Kushoto fanya vivyo hivyo. Kisha zungusha habu kwa mkono mpaka spoki hizo zilale mshazari, ndipo uingize zile zinazorudi upande wa pili. Kila moja ipishane na mbili: ya kwanza ipite juu yake, ya pili ipite chini yake. Usijaribu kupishana mara tatu kwa sababu tu ndivyo ulivyozoea kwenye 36. Matundu ya flenji hapa yako digrii 36 kutoka moja hadi jingine, na ukipishana mara tatu spoki inalala juu ya kichwa cha jirani na kuondoka kwa pembe mbaya. Ukimaliza, angalia kama kwenye vali kuna uwazi wa kutosha kuingiza pampu. Kama spoki mbili zinakutana juu ya vali, umekosea tundu moja, na ni bora kufungua sasa.

Magurudumu ya mbele ya spoki 20 mengi hufungwa moja kwa moja bila kupishana. Inakubalika kama habu ilitengenezwa kwa hilo. Habu ya bei rahisi inaweza kupasuka flenji, kwa sababu spoki zote zinavuta kuelekea ukingo wa nje. Gurudumu la nyuma ni habari nyingine: nguvu ya cheni inazungusha habu ndani ya ringi, na inahitaji spoki za mshazari kuipeleka nguvu hiyo nje. Bila kupishana, spoki zinajipinda kwanza kabla gurudumu halijaenda.

Tia tone la mafuta kwenye nyuzi za kila spoki na pale nati inapokalia ringi. Kisha kaza kila nati mpaka nyuzi za spoki zipotee tu ndani yake, zote sawasawa. Huo ndio mwanzo wa haki: kila spoki iko hatua moja. Kuanzia hapo, ongeza kwa mizunguko inayolingana, nusu kwa kila moja, kuzunguka ringi yote.

Ni hapa mkono uliozoea spoki nyingi unahitaji kujizuia. Nyuzi za spoki zina hatua ya karibu milimita 0.45 kwa mzunguko mmoja wa nati. Spoki ya milimita 2 yenye urefu wa milimita 300, ikivutwa kwa kilo 100, inarefuka kama nusu milimita tu. Yaani tofauti kati ya spoki iliyonyooka bila mkazo na spoki iliyokazwa kikamilifu ni takriban mzunguko mmoja wa nati, ukiacha kule ringi inakojibana kidogo. Robo mzunguko ni kitu kikubwa sana. Kwenye gurudumu la spoki 36, ukikosea robo, majirani walio karibu wanalisitiri kosa lako. Kwenye spoki 20, robo inaihamisha ringi kwenye sehemu yenye urefu wa kiganja na zaidi. Ukishafika karibu na mkazo kamili, fanya kazi kwa sehemu ya nane ya mzunguko, na kila mara zungusha gurudumu uangalie kabla ya kugusa tena.

Ringi iko kati ya spoki za kushoto na za kulia kama kamba kati ya timu mbili zinazovutana: ukitaka ije kulia, unaweza kuwaongezea nguvu wa kulia au kuwapunguzia wa kushoto. Fundi wa haraka huongeza kila mara. Kwenye gurudumu hili fanya vyote viwili kwa pamoja, nusu huku na nusu kule, ili jumla ya mkazo isibadilike na ringi isije ikavutwa ndani ikapoteza duara.

Gurudumu la nyuma linakuja na ugumu wake. Friwili inaisukuma flenji ya kulia karibu na katikati, kwa hiyo spoki za kulia zinasimama karibu wima na za kushoto zinalala zaidi. Ili ringi ikae katikati ya fremu, za kushoto lazima ziwe na mkazo mdogo, karibu nusu ya za kulia kwenye baiskeli nyingi za mbio. Usishangae kuzikuta laini, wala usizikaze zilingane na za kulia, maana ringi itahama. Kinachotakiwa ni kupandisha za kulia hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na magurudumu mengi ya aina hii hufungwa kati ya kilo 100 na 130 upande huo, ili za kushoto zipate angalau kitu. Kuhakikisha katikati, geuza gurudumu kwenye fremu, kulia kuwe kushoto. Ringi ikisogea kutoka ilipokuwa, katikati bado.

Kipima mkazo wa spoki ni kifaa ambacho vibanda vingi havina, na naamini kazi nzuri inawezekana bila hicho, kwa sikio. Piga kila spoki kwa ukucha, mahali pamoja, usikilize. Spoki za upande mmoja zenye unene na urefu sawa lazima ziimbe sauti moja. Mkazo ukiongezeka mara nne, sauti inapanda oktava nzima. Aliyeimba kwaya atalielewa jambo hili mara moja: spoki mbili zikitofautiana kama ti na do, mikazo yao imetofautiana kwa karibu asilimia 12. Zikitofautiana kama do na re, tofauti ni robo, na hiyo ni nyingi mno kwa gurudumu la spoki 20. Mimi huzunguka mara ya kwanza nikisikiliza tu, bila spana mkononi, na kuziwekea chaki zile zinazoimba chini. Mara nyingi chaki zinakusanyika sehemu moja, na ukichunguza utakuta ringi imejikunja hapo. Hapo sikio limegundua kitu ambacho jicho halikukiona, maana gurudumu lilikuwa linazunguka limenyooka.

Ikitokea unyoofu na usawa wa sauti vinagombana, chagua usawa. Ringi inayoyumba milimita moja kwa barabara zetu haina shida, breki zina nafasi ya kutosha. Spoki tatu legevu zina shida kubwa.

Kuna jambo la mwisho la mkono ambalo halipaswi kurukwa. Unapokaza nati, spoki yenyewe inajisokota kidogo kwa sababu nyuzi zinaishika. Ukiiacha hivyo, itajisokotoa kwenye kilomita ya kwanza na gurudumu litapoteza unyoofu. Zidisha kidogo halafu rudisha. Kisha shika spoki mbili mbili za upande mmoja zilizo karibu sambamba, uzibane kwa nguvu kwa mikono yote miwili, kuzunguka gurudumu lote. Utasikia milio midogo: spoki zinakaa kwenye viti vyake, viwiko vinajipanga na chuma kinaachia mikazo iliyobaki tangu kilipokunjwa kiwandani. Angalia tena, nyoosha, bana tena. Gurudumu likibanwa hivyo na ghafla likajikunja mawimbi mawili makubwa, umekaza kuliko ringi inavyoweza. Punguza nusu mzunguko kwa kila nati.

Kwa anayebeba mzigo au abiria, ushauri wangu ni kuacha kulifufua gurudumu la nyuma la spoki 20 au 24 na kutafuta habu na ringi za matundu 36. Fremu za mbio huwa na nafasi ya milimita 130 kati ya masikio ya nyuma yanayoshika ekseli, na habu za baiskeli za milimani zilizopo mtumbani ni 135. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa hizo milimita 5, ya aluminiamu isiguswe. Gurudumu la mbele linabeba uzito mdogo, hivyo linaweza kubaki na spoki zake 20 kama ringi ni nzima.

Kwa anayebaki nazo nyuma, avue keria. Ajaze upepo wa kutosha, kwa sababu tairi legevu linaiachia ringi ipige mawe moja kwa moja. Baada ya safari ya kwanza ya kilomita 20 au 30 airudishe baiskeli kwa fundi, spoki zipigwe ukucha moja baada ya nyingine, na zilizoshuka sauti zirudishwe kwa sehemu ya nane ya mzunguko. Ikipita hapo bila mabadiliko, ukaguzi wa kila mwezi unatosha, na kipindi cha masika nati zitiwe mafuta upya.